Bangili Iliyotafutwa Kwenye Ulimi wa Widad

Najua hamtaniamini. Hata mimi, ningesimuliwa na mtu mwingine, ningemwambia apunguze chumvi. Bangili ya dhahabu ilipotea kijijini kwetu. Watu wazima, wenye akili zao na ndevu zao, wakaenda kuitafuta kwenye ulimi wa dada yangu. Ndiyo, ulimi huuhuu wa kinywani. Subirini niwaeleze.

Dada yangu anaitwa Widad. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Alikuwa anachemsha sukari na ndimu mpaka inanata, kisha anamtoa bibi harusi malaika, vile vinyweleo vya mwili mzima. Baadaye anampaka hina, anamtengeneza nyusi. Mikono yake ni myepesi, wallahi. Bibi harusi alikuwa anaingia analia, anatoka anajitazama kwenye kioo anacheka. Hakuna nyumba kijijini kwetu ambayo Widad hakuingia mpaka chumba cha ndani.

Mimi ni Rabab, mdogo wake. Kazi yangu ilikuwa kumbebea mkoba. Na kupiga video. Simu yangu haikai mfukoni.

Mama yetu alikufa zamani. Tumelelewa na baba, Haji Metwali. Asubuhi tulikuwa tunakaa watatu kwenye mkeka, tunakula maharage na mkate, baba anaanza uchokozi.

"Widad, unapamba mabinti wa watu kila siku. Wewe utapambwa lini?"

"Nikipata mwanaume asiyekoroma kama wewe, baba."

"Basi utazeeka hapahapa."

Tunacheka mpaka chai inapoa. Nimeanza na hilo makusudi. Nataka mjue kwamba nyumba yetu ilikuwa ya kucheka.

Sasa. Nagla, binti wa Bi Atiyat, akachumbiwa. Bi Atiyat sisi tunamwita Mama Nagla. Upande wa bwana harusi walileta bangili nne za dhahabu. Mama Nagla alizionyesha kwa kila mtu, hata kwa muuza gesi.

Jumatatu kabla ya harusi akaja fundi wa magodoro. Kwetu siku hiyo ni sherehe kamili. Pamba inamwagwa uani kama kilima. Fundi anaipiga kwa uta wake mkubwa, inavimba, inaruka. Wanawake wanapiga ngoma na vigelegele. Kila mmoja anasokomeza pamba kidogo kwenye godoro na mito ya bibi harusi, ndiyo baraka yake. Mama Nagla naye alikuwa anasokomeza, anaimba, mkono wote umezama mpaka kwapani. Mimi nilipiga video, nikaituma kwenye kundi la simu la kijiji. Watu walinisifu sana.

Alhamisi tukaenda kumpamba Nagla. Widad akajifungia naye chumbani na sufuria ya sukari. Walipomaliza, Mama Nagla akaingia, akafungua kisanduku cha dhahabu.

"Ziko tatu," akasema. "Bangili ziko tatu!"

Akatazama chini ya kitanda. Akatazama nyuma ya kabati. Kisha akamtazama Widad.

"Nani aliingia humu?"

"Mimi na Nagla," akasema Widad. "Na wewe, Mama Nagla, ulipoleta chai."

"Chai haiibi."

Nagla akasema, "Mama, Widad hakukaribia hata hicho kisanduku."

"Wewe ulikuwa umefumba macho unang'olewa vinyweleo, umeona nini?"

Widad hakujibu. Alichukua mkoba wake, akaumwaga wote mkekani. Vitana, nyuzi, hina, kanga, kila kitu. "Tafuta," akasema.

Mama Nagla akatafuta. Hakukuta kitu.

"Kwa hiyo umeshaificha," akasema.

Mmeona? Alipokuwa hajafungua mkoba, alikuwa mwizi. Alipoufungua na kukosekana kitu, akawa mwizi hodari!

Jioni ile Mama Nagla akatuma sauti yake kwenye kundi la simu, anamwita Widad mwizi, na kundi likawaka. Mmoja kaandika: "Kama hakuiba, mbona kanyamaza?" Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti, nimepandisha hasira, namtetea dada yangu. Mwingine akaandika: "Kama hakuiba, mbona wanapiga kelele?" Nilitaka kuitupa simu mferejini.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, baraza la kijiji likakaa. Mkuu wake ni Haji Dahshan, mtu mzito, anasema maneno machache. Mama Nagla alisema amezihesabu bangili zile, zilikuwa nne, na aliyeingia chumbani ni Widad. Basi, hayo tu. Hakuna aliyemuuliza alizihesabu lini.

Haji Dahshan akamgeukia baba. "Haji Metwali, binti yako anasemaje?"

"Anasema hakuchukua."

"Ana nini cha kuonyesha kwamba hakuchukua?"

Baba akafungua viganja, vitupu. Angeonyesha nini?

"Basi tutakwenda kwenye moto," akasema Haji Dahshan. "Asiye na kosa haungui."

Kule jangwani, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, kuna mzee wa Kibedui anayeshika moto. Anachoma kijiko kikubwa cha chuma, cha kukaangia kahawa, mpaka kinakuwa chekundu. Anayeshutumiwa anakilamba mara tatu. Ulimi ukibaki mzima, hana kosa. Ukiungua, ana kosa. Mababu zetu walifanya hivyo, na wapo mpaka leo wanaofanya.

Tuliporudi nyumbani, jirani yetu akatuita kutoka juu ya paa la nyumba yake. Anaitwa Ustadh Fikri. Alikuwa karani wa mahakama ya mjini miaka thelathini na moja. Sasa amestaafu, anafuga njiwa. Akashuka, njiwa bado yuko mkononi, akakaa mkekani kwetu bila kukaribishwa.

"Haji Metwali," akasema, "mwaka jana ulimla njiwa wangu mweupe."

Baba akashtuka. "Mimi?"

"Wewe. Thibitisha kwamba hukumla."

"Nitathibitishaje? Sikumla!"

"Kila mla njiwa wa watu anasema hivyo."

"Muulize Rabab!"

"Rabab ni mwanao, lazima akutetee."

"Njoo utazame jikoni!"

"Mwaka mzima umepita. Manyoya umeshayatupa."

Baba akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "We Fikri una wazimu? Wewe ndiye unayesema nilimla. Basi wewe uonyeshe!"

Ustadh Fikri akatabasamu. "Hayo, Haji. Maneno hayohayo ungeyasema barazani leo."

Baba akakaa taratibu.

Ustadh Fikri akatueleza. Alisema polepole, na mimi nitayaandika kama alivyosema.

"Mtu akisema neno juu ya mwenzake, neno hilo ni mzigo. Nani aubebe? Aubebe aliyelisema. Mahakamani ni hivyo, na dini inasema hivyohivyo: anayedai alete ushahidi. Kwa nini? Kwa sababu kilichotokea huacha alama. Kuna aliyeona, kuna kitu kimekutwa. Lakini kisichotokea kinaacha alama gani? Widad atakuonyesha vipi bangili ambayo hakuichukua? Ukimtwisha huyu mzigo huo, hatautua mpaka kufa."

"Lakini Mama Nagla amesema alizihesabu," akasema baba.

"Kusema si ushahidi. Mwulizeni. Alizihesabu lini? Nani alikuwepo? Bangili ilionekana mara ya mwisho mkononi mwa nani? Akishindwa kujibu, dai lake limeanguka. Widad hatakiwi kufanya chochote. Hata akikaa kimya, kimya chake si wizi."

"Na huu moto?"

"Mahakama haiutambui. Hakuna jaji atakayesoma ulimi. Haji, unajua kwa nini ulimi unaungua? Kwa sababu umekauka. Mtu akiogopa, mate yanakauka. Sasa niambie, nani anaogopa zaidi? Mwizi aliyezoea, au binti aliyesingiziwa?"

Njiwa alikuwa anaguna mkononi mwake.

Kisha baba akasema maneno ambayo anayajutia mpaka leo. "Ustadh, hayo ni ya mjini. Hapa, anayekataa moto wanasema ameiba. Nitatembeaje mbele za watu?"

Widad alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kama anatafuta mtu.

Na mimi, mimi Rabab, mdogo wake, niliyebeba mkoba wake miaka mitano, nikasema: "Dada, kama huna kosa, si ulambe tu yaishe?"

Akanitazama kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. "Nitalamba."

Tukaenda Jumapili asubuhi, magari mawili. Mzee wa moto hakuwa mtu mbaya. Alimpa Widad maji asukutue, akampa pole. Wanaume wa baraza walikaa mstari mmoja. Mama Nagla alikaa mbele kabisa. Kijiko kilikuwa chekundu mpaka kinaonekana laini.

Widad alifungua kinywa. Niliona midomo yake imeshikana, ilibidi aiachanishe. Ilikuwa mikavu kama karatasi.

Mara ya kwanza alitoa sauti. Mara ya pili hakutoa. Mara ya tatu baba aligeuza uso.

Walisubiri kidogo, akaambiwa atoe ulimi. Wanaume wakainama wakatazama, kama watu wanaokagua ng'ombe sokoni. Ulikuwa umevimba malengelenge meupe.

"Ana kosa," akasema mzee wa moto.

Mama Nagla akapiga kigelegele. Kigelegele, jamani!

Baraza likaamua hereni za Widad, alizoachiwa na mama yetu, ziende kwa Mama Nagla badala ya bangili. Baba akazitoa mwenyewe masikioni mwa bintiye. Wakaamua pia Widad asiingie tena nyumba ya mtu. Widad aliweza kumeza maziwa ya baridi tu, kwa mrija.

Siku ya tisa baada ya moto Ustadh Fikri akaja tena. Hakuja na njiwa. Alimpa Widad kopo la asali, kisha akanigeukia mimi.

"Rabab, nimechelewa, lakini ngoja niulize maswali ambayo baraza halikuuliza. Bangili ya nne iliyopotea, wewe uliiona mara ya mwisho lini?"

"Sijui, Ustadh."

"Mama Nagla alizivaa siku gani?"

"Siku ya magodoro. Alizivaa zote, za mwanawe, anaringa nazo. Nagla ana mkono mnene, yeye mkono wake mwembamba kama kijiti. Zilikuwa zinamcheza mpaka..."

Papo hapo nikaukumbuka mkono ule kwenye pamba.

Nikatoa simu. Nikafungua ile video. Nilikuwa nimeshaitazama labda mara thelathini, kwa ajili ya ngoma. Safari hii nikautazama mkono. Ule pale Mama Nagla anaimba. Nikasimamisha, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Mkono unazama kwenye mto mrefu wa kitambaa cha waridi, mpaka kwapani. Unatoka na pamba imeganda. Nikasimamisha tena. Moja. Mbili. Tatu.

Tatu!

Nikarudisha. Nikahesabu upya. Tatu.

Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu siku zote. Nimelala nao chini ya mto wangu. Niliwatumia watu wa kijiji kizima, kila mtu anao kwenye simu yake! Na hakuna hata mmoja aliyetazama, kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama Widad, tunasubiri aonyeshe kitu.

Nikaanza kupiga kelele kama mwehu. Ustadh Fikri akanishika bega. "Taratibu. Sasa sisi ndio tunaodai, kwa hiyo mzigo ni wetu. Twende tukaubebe vizuri."

Alasiri ileile tukaenda nyumbani kwa Nagla, kwa mumewe. Haji Dahshan akaitwa. Mama Nagla akaitwa. Widad hakutaka kuja, akabaki nyumbani.

"Mnataka nini tena?" akauliza Mama Nagla. "Moto si umeshasema?"

"Mama Nagla," akasema Ustadh Fikri, "leo wewe huna haja ya kuthibitisha kitu. Kaa, unywe chai. Sisi tunadai bangili imo ndani ya mto mrefu wa bibi harusi. Ushahidi wa kwanza ni huu hapa kwenye simu. Wa pili ni mto wenyewe. Tukiufungua tukakosa, tutakuomba radhi mbele ya Haji Dahshan, na mto tutaushona upya."

Haji Dahshan alitazama video mara nne. Mara ya nne alihesabu kwa sauti.

Nagla hakungoja amri. Alikwenda chumbani akauleta mto. "Kuna kitu kigumu humu," akasema. "Kila nikilala kinanisumbua shavuni. Nilidhani ni mbegu ya pamba." Akatia mkasi.

Pamba ikamwagika. Bangili ikadondoka sakafuni, ikazunguka, ikasimama.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Mama Nagla aliitazama. Kisha akasema, jamani sikilizeni alichosema: "Lakini moto ulimwunguza. Kama hakuiba hii, basi ipo nyingine aliyoiba."

"Ipi?" akauliza Haji Dahshan.

"Nitajuaje?"

"Kama hujui, nyamaza, Mama Nagla."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza la maana alilosema tangu mambo haya yaanze.

Ijumaa iliyofuata Haji Dahshan alisimama barazani. Hakuwa anamtazama mtu usoni. Alisema tulikosea, tulimtwisha mzigo mtu asiyestahili. Akasema kuanzia siku ile hakuna mtu wa kijiji chetu atakayepelekwa kwenye moto. Atakayemtuhumu mwenzake ataulizwa yeye kwanza: umeona nini, una nini, nani shahidi wako? Asipokuwa na kitu, arudi nyumbani. Na kama ni wizi kweli, aende polisi na ushahidi wake.

Na imeshika. Mwezi uliopita Sobhi wa pampu ya maji alikuja barazani anafoka kwamba jirani kamkatia mpira wa maji. Haji Dahshan akamuuliza, "Ulimwona?" Sobhi akasema, "Sikumwona, lakini nani mwingine?" Watu wakaangua kicheko. Baba alikuwa wa kwanza kusema, "Sobhi, mzigo wako huo, ubebe mwenyewe." Baadaye ikajulikana mpira ulitafunwa na panya. Jirani hakuguswa hata unywele. Hiyo faida ipo, siikatai.

Lakini Widad? Hereni zilirudi siku ileile. Ulimi ulipona, ila ncha yake imekuwa ngumu. Hasikii chumvi wala sukari. Herufi zingine zinamponyoka. Maharusi wawili walimwita, wa kijiji cha mbali. Wa hapa wanasema, "Tunajua hakuiba, maskini," halafu wanamwita mwingine. Ukiwauliza kwa nini, wanasema hivi tu, basi tu. Na kwenye kundi la simu kuna wanaonong'ona mpaka leo kwamba video ile niliichezea. Nimewaambia walete ushahidi. Hawajaleta. Wameendelea kunong'ona.

Wiki jana Mama Nagla alikuja kwetu na sinia la biskuti za sikukuu. Alikaa mlangoni, akavuta shungi usoni, akalia.

"Widad, mwanangu, nimejuta. Wallahi nimejuta."

Widad alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Thibitisha," akasema. Ile "sha" ya mwisho ilimponyoka kidogo.

"Nini?"

"Umesema umejuta. Thibitisha. Uliniita mwizi kwenye kundi la simu, kila mtu akasikia sauti yako. Niombe radhi hukohuko. Rabab, mpe simu."

Nikampa simu. Nikambonyezea kitufe cha kurekodi sauti. Mama Nagla aliishika kama kaa la moto. Alifungua kinywa. Alikifunga. Alikifungua tena. Niliona midomo yake imekauka. Kisha akaiweka simu juu ya mkeka, taratibu, akainuka, akaondoka. Biskuti aliziacha.

Baba aliwamwagia kuku. Asubuhi bado tunakula maharage watatu, lakini baba haanzi tena uchokozi. Widad anasema chakula kitamu, baba anajua hakisikii, na hakuna anayecheka.

Nilimwomba Widad msamaha kwa lile neno langu. Aliniambia, "Wewe nimekusamehe, kwa sababu ulitazama video." Lakini siku hizi mkoba wake anaubeba mwenyewe.

Basi nawauliza nyinyi mnaosoma. Msinijibu haraka. Ni dada yako. Kijiji kizima kinasema kama hana kosa anaogopa nini. Baba yako amenyamaza. Dada yako anakutazama wewe, anasubiri useme neno moja tu.

Wewe ungesemaje?